Maji chini ya mchanga

Wiki mbili zilizopita nilipokea barua kutoka kwa kijana mmoja anayesoma katika chuo kikuu hapa Nairobi. Aliniomba nisilitaje jina lake, lakini aliniruhusu niyatumie aliyoyaandika, kwa maana alisema huenda wako wengine wenye mzigo kama wake.

“Mzee,” aliandika, “baba yangu alifariki mwezi wa Februari. Alikuwa mtu wa sala. Kila alfajiri nilikuwa nikimsikia sebuleni akinong'ona kabla ya kwenda kazini. Tangu tumzike, nikipiga magoti naona ni kama nazungumza na ukuta. Kanisani naenda kwa sababu ya mama tu, nisije nikamwongezea machungu. Je, imani ya mtu inaweza kukauka kabisa? Na ikikauka, anafanyaje?”

Barua hiyo nimeisoma mara nyingi. Ningeweza kumjibu kwa aya tatu za Biblia na kumtakia siku njema. Lakini huyu ni mtoto aliyelelewa na mtu wa sala, na aya hizo pengine anazijua kunishinda. Basi naomba, msomaji mpendwa, uniruhusu nimjibu kwa njia ya kuzunguka kidogo: njia inayopita Kitale, ikateremka Marich hadi Kainuk, kisha Lokichar na Lodwar, na kuishia Kakuma. Katika njia hiyo nilijifunza jambo juu ya ukavu na juu ya maji. Katika njia hiyo hiyo nilitenda jambo ambalo hadi leo nalionea haya, nami nitalisimulia bila kuficha, kwa sababu bila hilo somo lenyewe halikamiliki.

Mto wa Lodwar

Ilikuwa Januari mwaka 2023. Tulikuwa watu wanne garini: mimi, akina mama wawili wa kanisa letu, na dereva wetu, kijana wa Kiturkana aliyezaliwa na kulelewa Lodwar. Tulibeba vitabu vya shule na nguo zilizochangwa na waumini. Wakati huo ukame ulikuwa umeishika nchi vibaya. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imepita mfululizo katika Pembe ya Afrika bila mvua ya kutosha, na katika nyanda kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa. Kando ya barabara tuliona mizoga ya mbuzi na ya ng'ombe. Mmoja wa wale akina mama, ambaye tangu Nairobi alikuwa akituimbia nyimbo za kanisa, alinyamaza tulipovuka Kainuk, na hakuimba tena siku hiyo.

Lodwar ni mji wa joto. Saa saba ya mchana hata mbwa hawabweki. Juu ya kilima kinachoutazama mji imesimama sanamu kubwa ya Yesu aliyenyosha mikono, na wale akina mama walifurahi sana kuiona. Lakini mimi kilichonivutia zaidi kilikuwa chini, pembeni mwa mji: Mto Turkwel. Maji yalikuwa yamepungua, lakini yalikuwepo, na miti ya mikoma ilisimama kandokando yake ikiwa kijani, ilhali pande zote nyingine ardhi ilikuwa imeungua.

“Maji haya yanatoka wapi, na mvua hakuna?” nilimuuliza dereva.

“Kwa watu wengine, mzee,” akajibu. “Sisi hapa tungengoja mawingu yetu tungekufa. Mlima Elgon ukinyeshewa, Lodwar tunakunywa.”

Ndivyo ilivyo. Turkwel huanzia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako huitwa Suam. Hupita katika bwawa lililokamilika mwaka 1991, ukavuka nyika ile kavu, ukapita Lodwar na kuingia Ziwa Turkana. Mama wa Lodwar anayeteka maji asubuhi anateka mvua iliyomnyeshea mtu ambaye hajawahi kumwona. Wakati huo sikuyatilia maanani maneno ya dereva. Niliyakumbuka nilipoisoma barua ya kijana wetu.

Kopo la msichana

Kesho yake tulishika njia ya Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Katikati ya safari, tulipokuwa tukivuka mto mkavu wa mchanga, ambao watu wa kaskazini huuita laga, gurudumu la nyuma lilipasuka. Dereva alijaribu kuliinua gari, lakini jeki ikawa inazama mchangani. Alipokuwa akitafuta jiwe la kuiwekea chini, tuliona watu mbele yetu kwenye laga ile ile.

Kulikuwa na mbuzi kama thelathini wamesimama kimya, na katikati yao shimo. Tulisogea tukachungulia. Shimo lilikuwa na kina cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. Chini kabisa alikuwa mama. Katikati, kwenye kidato kilichochongwa ukutani mwa shimo, alikuwa mvulana. Juu ukingoni alikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Mama alikwangua mchanga, akangoja maji yachuruzike polepole hadi yatoshe kopo moja, akateka, akampa mvulana, naye akampa msichana, naye akamimina katika hori la mbao. Kisha kopo likarudi chini. Kati ya kopo moja na jingine mtu angeweza kusali Baba Yetu yote bila haraka. Na mbuzi walikuwa thelathini.

Dereva alitueleza jinsi mambo yalivyo. Mvua inaponyesha, laga hujaa na kufurika kwa siku moja au mbili, kisha hukauka, na mpita njia husema mto umekufa. Lakini maji mengine huwa yamezama. Mchanga huyafunika jua lisiyanyonye, na udongo mgumu au mwamba ulio chini huyazuia yasitokomee. Kadiri ukame unavyozidi, ndivyo shimo linavyozidi kuchimbwa. “Mwezi wa kumi na moja maji yalikuwa kiunoni pangu,” alisema akilionyesha shimo. “Sasa ni huko.”

Hapa ndipo penye lile ninaloliona haya. Nyuma ya gari, chini ya turubai, kulikuwa na katoni mbili za maji ya chupa tulizonunua Kitale. Nilimvuta dereva kando nikamwambia kwa sauti ya chini, “Usifungue mlango wa nyuma. Wakiyaona haya, hatutafika nayo Kakuma.” Akanitazama, asiseme kitu.

Haikupita dakika moja, mama yule akapaza sauti kutoka shimoni. Msichana akageuka. Badala ya kumimina kopo lililokuwa mkononi mwake katika hori, akalileta kwangu kwa mikono miwili.

“Anasemaje?” nilimuuliza dereva.

“Anasema wape wageni kwanza. Anasema mgeni hana kisima.”

Nilikunywa. Maji yalikuwa na ladha ya udongo na ya bati. Mbuzi wote walikuwa wakinitazama mimi. Msichana alikwenda akaleta kopo la pili kwa akina mama, na la tatu kwa dereva. Hatua kumi nyuma yetu kulikuwa na chupa 48 zilizofungwa, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wanne na Mungu. Tukashukuru. Gurudumu likafungwa. Tukaondoka, na ule mlango wa nyuma sikuufungua.

Wasomaji wengi mnaikumbuka habari iliyo katika sura ya nne ya Injili ya Yohana, jinsi Yesu, akiwa amechoka kwa safari, alivyoketi kando ya kisima na kumwomba maji mwanamke Msamaria. Nimelisikia somo hilo tangu utotoni, na kila mara nimejiweka ama upande wa Yesu ama upande wa yule mwanamke. Siku ile katika laga niliona kuna mtu wa tatu ambaye Yohana hakumwandika, yaani msafiri aliyeficha maji yake, akanywa ya mwenzake.

Habari kubwa na kopo dogo

Tulipokuwa tukiendelea na safari, dereva alitukumbusha habari ambayo sisi wa mjini tuliisoma na kuisahau. Mnamo Septemba mwaka 2013 ilitangazwa na serikali pamoja na UNESCO kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi, huko huko Turkana, kumegunduliwa ziwa la maji lililofichika, kubwa mno. Magazeti ya dunia nzima yaliandika kana kwamba kiu ya Kenya imekwisha. Baadaye maji yale yalipopimwa, yalionekana kuwa na chumvi nyingi kupita kiasi cha mtu kunywa. “Watu walingoja mabomba,” dereva alisema. “Mama yangu hakungoja. Aliendelea kuchimba pale pale laga.”

Nayataja haya kwa sababu ya kijana wetu na vijana wengine wengi walio mijini. Imani ikikauka, kishawishi cha kwanza ni kukimbilia penye tangazo kubwa: mkutano wa miujiza, nabii aliyetoka mbali, usiku mmoja utakaomaliza yote. Sisemi Mungu hatendi makuu. Nasema tu kwamba katika nchi ile ya kiu, waliokuwa hai Januari ile hawakuwa wanaishi kwa tangazo. Waliishi kwa kopo baada ya kopo, kila siku, mahali pale pale walipoonyeshwa na mama zao.

Tena angalia: yule aliye chini shimoni, ambaye ndiye anayeyaona maji, si yeye anayekunywa kwanza. Naye msichana aliye juu hajui maji yanafananaje yakiwa chini. Anapokea tu kutoka mkono ulio chini yake. Wengi wetu imani yetu ni ya namna hiyo. Tumeipokea kutoka mkono ulio chini yetu, gizani, mkono wa mtu aliyekwangua mchanga sisi tukiwa tumelala.

Mti uitwao mathenge

Kuanzia Lodwar hadi Kakuma kuna mti mmoja utakaouona kila mahali, hasa penye maji: mathenge. Ni wa kijani hata katikati ya ukame, na mgeni akiuona hufurahi. Wenyeji hawaufurahii sana. Uliletwa na wataalamu na kuenezwa katika sehemu kame za Kenya, hasa miaka ya 1980, kwa nia njema kabisa ya kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Nia ilikuwa njema, na mti ukashika haraka, kisha ukakataa kukoma. Umeziba njia za mifugo na kingo za mito. Miiba yake hutoboa gurudumu na hutoboa mguu. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walioishtaki serikali kwa ajili ya mti huo walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno awe ushahidi.

Kwa haki ya mti wenyewe, siku hizi watu huuchoma makaa na kuupikia, na hivyo wamejifunza kuishi nao. Lakini somo lake linabaki. Si kila kilicho kijani ni malisho.

Kijana wetu aliniandikia kwamba siku za matanga watu walimwambia maneno mengi: kwamba asilie, kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, kwamba baba yake alihitajika zaidi mbinguni. Waliosema hayo walimpenda. Lakini maneno yale yalipandwa haraka mno, kabla mtu hajamuuliza mwenye shamba ana haja gani. Yakashika, yakafunga njia, na sasa kila anapotaka kumwendea Mungu kwa machozi anachomwa na mwiba: mbona unalia, nawe umeambiwa ni mapenzi yake?

Rafiki zake Ayubu walianza vizuri. Walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kueleza. Wewe msomaji, mwezi huu ukienda penye msiba, ketini chini pamoja. Menya viazi. Teka maji. Maelezo yanaweza kungoja.

Kakuma na Nazareti

Tulifika Kakuma jioni ya Ijumaa. Waandishi wa ng'ambo hupenda kuandika kwamba jina Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali ambapo si mahali. Sisi tunaokisema Kiswahili tunajua kwamba hakuna neno kama hilo katika lugha yetu. Lakini nimeshangaa kuona uwongo huo ulivyoenea, nami nadhani umeenea kwa sababu unawafaa watu. Ni rahisi kumsahau mtu anayeishi mahali pasipo mahali.

Turkana imezoea kutendewa hivyo. Serikali ya mkoloni ilipotaka Jomo Kenyatta asahaulike, ilimfunga Lokitaung, na mwaka 1959 ikamhamishia Lodwar, akakaa huko hadi mwaka 1961. Mwaka huo huo wa 1961, wakati wa njaa kubwa, mapadri wa Kiltegan kutoka Ireland walifika Turkana, na kazi yao ya kwanza ikawa kuwalisha wenye njaa. Mwaka 1992 walifika Kakuma maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu wakikimbia vita, na ndivyo kambi ilivyoanza. Baada yao wakaja watu wa Somalia, Ethiopia, Burundi, Kongo na kwingineko, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa jirani. Kufikia mwaka 2025 watu wa sehemu hizo mbili walikuwa wanakaribia laki tatu.

Nathanaeli alipoambiwa habari za Yesu, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama kuna jema linaloweza kutoka Nazareti. Filipo hakubishana naye. Alimwambia aje aone. Kama wewe ni mwanafunzi na umewahi kuuliza hivyo juu ya Kakuma, kumbuka michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na timu ya wakimbizi, yenye wanamichezo kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyeibeba bendera ya timu hiyo mbele ya ulimwengu.

Jumapili tulisali kambini, katika kanisa la matofali ya udongo na paa la mabati. Kwaya ilikuwa ya Wakongo, na Kiswahili chao cha Kivu kiliwafanya wale akina mama wetu watabasamu, kisha kikawaliza. Wakati wa sadaka wenye shilingi walitoa shilingi. Wengine walileta kikombe cha unga au cha maharagwe kutoka mgao wao, wakamimina katika beseni lililowekwa mbele. Nilimuuliza mzee wa kanisa beseni lile huenda wapi.

“Kwa waliofika wiki hii, baba,” alinijibu. “Hao bado hawajaandikwa, hawana mgao. Kukibaki, tunampa mama wa Kiturkana anayetuletea kuni. Yeye naye hajaandikwa popote.”

Si kwamba wenyeji na wageni huko hawagombani. Hugombana juu ya kuni, juu ya maji na juu ya malisho, na kuna siku damu imemwagika. Ndiyo maana beseni lile lilinishika moyo. Niliutoa mfukoni mkono wangu wenye noti nikautazama. Yesu aliketi kuielekea sanduku la hazina, akamwona mjane na senti zake mbili. Sijui kama alitazama pia nyuma ya magari ya waliokuja na misaada.

Hatari ya kuhubiri juu ya kiu ya mwingine

Hapa nataka kujikosoa kabla hujanikosoa. Sisi wa mjini tuna tabia ya kwenda penye dhiki na kurudi na mahubiri. Tunasema: tazama jinsi maskini walivyo na furaha, tujifunze kwao. Kisha tunafunga dirisha la gari. Mtume Yakobo anatuuliza inafaa nini kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Mwaka 2025, wafadhili walipopunguza fedha, mgao wa chakula Kakuma na Kalobeyei ulikatwa sana, na watu wakatoka kuandamana. Sithubutu kumwambia mama aliyemimina kikombe cha unga katika lile beseni kwamba njaa ni shule ya imani. Njaa ni njaa. Mungu aliyempa moyo wa kutoa hakumtuma mtu kumpunguzia mgao.

Vivyo hivyo simwambii kijana wetu kwamba kifo cha baba yake kilikuwa kwa faida yake. Ukame ni ukame. Hakuna aliyeushukuru katika laga ile. Walichofanya ni kuchimba.

Deni

Siku tatu baadaye tulirudi kwa njia ile ile. Katoni moja ilikuwa bado haijafunguliwa. Safari hii nilikaa mbele pamoja na dereva, na tulipoikaribia ile laga nikamwambia asimame. Nikaibeba katoni mwenyewe hadi kwenye shimo.

Hapakuwa na mtu. Shimo lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba ili mnyama asitumbukie, na hori halikuwepo. Nyayo za mbuzi zilielekea upande wa milima.

“Wamehama kutafuta malisho,” dereva alisema.

“Tutawapata wapi?”

“Hatuwapati, mzee.”

Nilisimama pale jua likinichoma, na katoni mikononi. Mwishowe nikamuuliza, “Siku ile mbona hukunionya?”

Alifikiri kidogo. “Wewe ni mzee,” akasema. “Nilidhani una sababu.”

Maneno hayo yameniuma kuliko kama angenitukana. Maji yale tuliyagawa njiani kwa watoto wachunga mbuzi, wakafurahi, lakini deni langu kwa mama yule halikulipwa na halitalipwa. Kuna madeni ambayo Mungu huyaacha wazi makusudi, ili mtu aendelee kuyalipa kwa kila mwenye kiu anayekutana naye. Tangu siku hiyo, mtu anapobisha langoni kwangu nami nikajikuta nasema moyoni “wakiyaona haya yatakwisha,” ninamwona yule msichana na kopo lake mikononi.

Kwako kijana

Sasa narudi kwako, mwanangu uliyeniandikia. Umeuliza kama imani inaweza kukauka kabisa. Jibu langu ni kwamba juu inaweza kukauka hata mpita njia akaapa kwamba hapo hapajawahi kuwa na mto. Lakini usiseme hakuna maji kabla hujachimba, na usichimbe mahali usipopajua. Anzia penye laga ya nyumbani kwenu.

Soma sura ya 26 ya kitabu cha Mwanzo. Baada ya Ibrahimu kufariki, Wafilisti walivifukia kwa udongo visima alivyokuwa amechimba. Isaka mwanawe hakuanza kwa kutafuta visima vipya. Alikwenda akavichimbua vile vya baba yake, akaviita kwa majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Alikuwa amefiwa, alikuwa amefukuzwa, na njiani aligombana na watu juu ya maji. Lakini alichimbua.

Baba yako alikuwa na kisima, na mahali pake unapajua: sebuleni, alfajiri. Wewe ulikuwa juu ukingoni, ukipokea kopo bila kumwona aliye chini. Sasa yeye hayupo na zamu ni yako kushuka. Ndiyo maana unaona giza na hulioni kopo likija. Aliye chini ya shimo haoni kitu ila mchanga.

Basi wiki hii fanya mambo mawili tu. La kwanza, muulize mama yako baba alikuwa akinong'ona nini asubuhi zile. Yeye anajua, na pengine tangu Februari anangoja mtu amuulize. Msilie mbalimbali nyumba moja, yeye akikuficha nawe ukimficha. La pili, kesho alfajiri keti pale alipokuwa akiketi, useme yale aliyokuwa akiyasema, hata kama huyasikii moyoni. Usipoona maji siku ya kwanza, usishangae. Katika laga ile mama alikwangua, kisha akangoja yachuruzike.

Huenda ukasema hiyo si imani yako bali ni ya baba yako. Kumbuka Lodwar. Watu wale hunywa mvua iliyonyesha Elgon, na hakuna awaambiaye kwamba maji hayo si yao.

Nasi wengine tuliobaki, tunaosoma ukurasa huu baada ya ibada na chai ikiwa mezani, tujiulize nyuma ya gari kuna nini. Kuna mtu mtaani kwetu anayekwangua mchanga peke yake mwaka huu: mjane wa nyumba ya pili, mwanafunzi asiyekwenda likizo kwa sababu hana kwa kwenda, jirani mkimbizi ambaye hatujawahi kumsalimu kwa jina. Tusimpelekee mahubiri. Tufungue mlango wa nyuma.

Nawatakia Jumapili njema.